Land Rover ya jeshi inayozima ikishapata moto: ipime pale pale ilipozimia

Msomaji wa Nyegezi, Mwanza, ameandika hivi: «Shikamoo mzee. Nina Land Rover fupi ya mwaka 1976 iliyokuwa ya jeshi la Uingereza, yenye injini ya petroli ya silinda nne. Asubuhi inawaka kwa stata moja. Nikitoka mjini kwenda Magu, nikishapita Kisesa inazima. Nikikaa kama nusu saa inawaka tena na kuendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Nimekwisha kubadilisha koili, plagi na kondensa, na kabureta imefunguliwa mara mbili. Fundi mmoja anasema ni koili tena, wa pili anasema ni hali ya hewa ya huku kwetu, na wa tatu ananishauri niitoe injini hiyo nifunge ya Toyota. Nishike la nani?»

Marahaba, mwanangu. La Toyota tuliweke kando kwanza, kwa sababu mtu anayeng'oa injini asiyoijua ugonjwa wake hana uhakika kwamba ugonjwa huo haumo kwenye tanki au kwenye nyaya, na akishafunga injini nyingine atakuta gari linazimia palepale Kisesa. Kwa maelezo yako, gari hilo ni la ile aina ambayo Waingereza waliiita Lightweight, iliyotengenezwa kuanzia mwaka 1968 hadi 1984 ili iweze kuning'inizwa chini ya helikopta, na ndiyo maana bodi yake ni nyembamba kuliko ya Land Rover nyingine na sehemu zake nyingi huchomoka kwa boliti chache. Chini ya boneti, hata hivyo, injini ni ileile ya sentimita za ujazo 2,286 iliyofungwa kwenye Land Rover za kiraia kwa miaka mingi, kwa hiyo spea zake zinapatikana na wapo mafundi watu wazima walioijulia mikono. Mambo ambayo jeshi liliyafanya tofauti na ya raia ni mawili, yaani mfumo wa umeme na matangi ya petroli, na kwa bahati mbaya yote mawili yanahusika na tatizo lako.

Nataka kwanza uone kwa nini mafundi wako wametofautiana, maana hakuna kati yao aliyesema jambo lisilowezekana. Gari linalozima likiwa na moto na kuwaka baada ya kupumzika linaweza kuwa na ugonjwa wa cheche, kwani koili au kondensa iliyochoka hupoteza nguvu inapopata joto na kuirudia inapopoa. Linaweza pia kuwa na ugonjwa wa mvuke, ambapo petroli inachemka ndani ya pampu au bomba, pampu inabaki kusukuma mvuke badala ya petroli, na injini ikipoa mvuke unarudi kuwa petroli. Na linaweza kuwa na ugonjwa wa tanki, usiohusiana na joto hata kidogo: takataka zinavutwa hadi kwenye mdomo wa bomba la kunyonya na kuuziba, injini inakosa petroli, na mara mvuto unapokoma zinadondoka chini tena na njia inafunguka. Vivyo hivyo kwa kitundu cha hewa cha kifuniko cha tanki kilichoziba, kwani hewa huingia polepole wakati wewe umekaa chini ya mti ukisubiri injini ipoe. Magonjwa yote hayo yanatibika kwa nusu saa ya kupumzika, kwa hiyo kupumzika kwenyewe si ushahidi wa lolote, na anayekuambia kwamba lazima ni koili kwa kuwa gari likipoa linawaka, anakisia.

Kulipima gari hilo asubuhi gereji, likiwa baridi na linawaka kwa stata moja, ni sawa na kumpima mgonjwa wa homa za vipindi siku ambayo homa imeshuka. Kipimo chenye maana ni kile utakachofanya pale barabarani, ndani ya dakika chache za kwanza tangu lizime, kabla halijapoa. Kwa hiyo safari ijayo beba taa ya kupimia ya volti 12 yenye klipu, plagi moja nzima, plaizi yenye mpini wa mpira, kitambaa, chupa ya maji, spana za mabomba ya petroli na kizima moto, na uwe na mtu mzima wa pili wa kukusagia stata. Vijana na watoto watakusanyika kama kawaida ya barabara zetu. Waombe wakae mbali, na mwenye sigara aizime, kwa sababu mahali utakapoweka uso pana petroli na cheche kwa wakati mmoja.

Kipimo cha kwanza hakihitaji chombo chochote, bali masikio na mguu wako wakati linazima. Injini iliyokosa cheche kwa kawaida hukatika ghafla, kana kwamba mtu amezungusha ufunguo, na sindano za geji hazikupi onyo lolote. Injini iliyokosa petroli huaga kwanza: inapungua nguvu, inamisi, inashtukashtuka, ukiachia mafuta inajikusanya kidogo, ukikanyaga inakufa. Ukivuta choki katika hali hiyo na ikapata nafuu ya sekunde kadhaa, karibu una hakika kwamba petroli ndiyo inayopungua, kwa kuwa choki inalazimisha kidogo kilichobaki kwenye kabureta kiingie kwenye silinda. Kwenye barua yako umeandika tu kwamba «inazima», na neno hilo moja ndilo lililokugharimu koili, plagi na kondensa.

Ikishazima, fungua boneti, toa kichujio cha hewa kwenye mdomo wa kabureta, tazama ndani na uzungushe mkono wa mafuta kwa kidole. Kabureta ya Zenith 36 IV, ambayo ndiyo iliyozoeleka kwenye injini hizi, ina pampu ndogo ndani yake, na bakuli lake likiwa na petroli utaona mchirizi mwembamba ukiruka kila unaposukuma. Mchirizi ukiwepo mara mbili tatu mfululizo, petroli imefika, geukia umeme. Usipoonekana, bakuli ni tupu au limejaa mvuke, na hapo huna sababu ya kuigusa koili.

Baada ya hapo pima cheche. Kama nyaya zako za plagi ni za kawaida, chomoa ule waya mkubwa unaotoka katikati ya koili upande wa distribyuta, uchomeke kwenye plagi uliyobeba, ulaze mwili wa plagi kwenye chuma kisafi cha injini mbali na kabureta, na mwenzako asage stata. Cheche nene ya bluu inayotoa mlio inakuambia kwamba koili, kondensa na platini (vile vidomo viwili vinavyokatiza umeme ndani ya distribyuta) vinafanya kazi hata vikiwa na moto. Cheche nyembamba ya manjano, au giza tupu, inakuambia kwamba umeshika mkia wa mnyama wako. Zingatia pia kwamba cheche inaweza kuwa nzuri kwenye waya huo wa katikati lakini isifike kwenye plagi, na hapo wa kumtazama ni rota (kile kipande kinachozunguka ndani ya distribyuta na kugawia plagi umeme), kwa sababu rota nyingi za siku hizi zina ribiti inayovujisha umeme kupitia plastiki hadi kwenye shafti iliyo chini yake, hasa joto likipanda.

Sasa ngoja nikae kidogo kwenye umeme, kwa kuwa hapa ndipo gari la jeshi linapomchanganya fundi aliyezoea ya kiraia. Lightweight nyingi zilitengenezwa kwa ajili ya kubeba redio, nazo zilikuwa za volti 24, zenye betri mbili zilizounganishwa kwa mfululizo, na mfumo mzima wa cheche ulifungwa ndani ya makasha na mirija ya chuma ili redio zisisumbuliwe. Magari hayo yalipouzwa kwa raia, wamiliki wengi waliyageuza kuwa ya volti 12, lakini kazi hiyo mara nyingi iliishia nusu. Angalia basi kama una betri moja au mbili, kisha ufuate kwa macho na kwa vidole waya unaotoka kwenye swichi hadi koili. Ukikuta unapita ndani ya kasha la zamani la kuchuja umeme wa redio, au kwenye rezista ya kauri iliyoachwa pale tangu enzi za jeshi, au kwenye kiungio kilichosokotwa kwa mkono na kufungwa utepe, hapo pana mahali pa kupoteza volti kadri joto linavyopanda.

Koili zenyewe ziko za aina mbili zinazofanana sura. Ya volti 12 kamili ina ukinzani wa karibu omu 3 kati ya vichwa vyake viwili vidogo, na ile iliyotengenezwa kutumika pamoja na rezista ina karibu omu 1.5. Ukiifunga ya pili kwenye gari lisilo na rezista, umeme unaopita platini zinapogusana unakuwa karibu ampea 8 badala ya 4. Gari litawaka vizuri ajabu asubuhi, koili itapata moto usioshikika, platini zitaungua, na baada ya mwendo fulani cheche itakufa. Muuzaji wa spea hatakuambia tofauti hiyo, na pengine yeye mwenyewe haijui, kwa sababu boksi ni moja. Kwa hiyo koili mpya uliyonunua inaweza kuwa ndiyo mgonjwa, tena si kwa ubovu bali kwa kutofaa. Mita ya umeme ya bei ndogo inatosha kukuamulia hili: chomoa nyaya zake ndogo, pima ikiwa baridi, pima tena ilipozimia, andika namba zote mbili. Na usiache ufunguo ukiwa umewashwa wakati injini imesimama, maana platini zikiwa zimegusana koili inapikwa bure.

Taa ya kupimia itakusaidia pale pale barabarani. Funga klipu yake kwenye chuma, washa ufunguo, gusa kichwa cha koili kinachopokea umeme wa swichi. Taa isipowaka, au ikiwaka kwa unyonge, tatizo liko nyuma kwenye swichi au nyaya. Ikiwaka vizuri, gusa kichwa cha pili, kile kinachokwenda kwenye distribyuta, na mwenzako asage stata: taa inapaswa kuwaka na kuzima kwa kufuata platini. Ikibaki imewaka moja kwa moja, platini hazigusani au waya ndani ya distribyuta umekatika. Waya huo ni mfupi, laini, umevikwa ngozi nyembamba, na kwa kuwa kibao cha platini hujongea kila injini inapobadilisha mwendo, nyuzi zake hukatika ndani kwa ndani huku ngozi ikibaki nzima. Ukiushika kwa vidole viwili na kuuvuta kwa upole utauona ukirefuka kama mpira mahali pamoja, na hapo ndipo palipokatika. Ni spea ndogo kuliko zote ulizonunua, na ndiyo inayosahaulika kuliko zote. Taa ikizimika moja kwa moja wakati wa kusaga, platini hazifunguki au kondensa imepiga shoti. Nafasi ya platini za injini hiyo ni milimita 0.35 hadi 0.40, na ya plagi ni karibu milimita 0.75.

Kuhusu kondensa, usiamini kwamba mpya ni nzima. Ondoa kifuniko cha distribyuta, mtu asage stata gizani au kivulini, na utazame platini: cheche ndogo ya hapa na pale si kitu, lakini ukiona zinatoa moto mkali wa bluu na nyeupe kila zinapofunguka, kondensa haifanyi kazi. Mimi nikipata kondensa ya zamani iliyopima vizuri ikiwa moto, siibadilishi kwa mpya ya boksi kwa ajili ya upya tu.

Tuje kwenye petroli. Pampu ya injini hiyo ni ya kusukumwa na kamshafti, imefungwa ubavuni mwa injini, na kwa hiyo inapokea joto lote la bloku. Kabureta nayo imekaa upande wa pili, juu ya manifoldi ya kutolea moshi, na bomba la kuziunganisha linapita kwenye hewa iliyopikwa na injini. Fundi aliyekuambia habari ya hali ya hewa ana kisehemu cha ukweli hapa. Uso wa Ziwa Viktoria uko karibu mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na kwa kuwa shinikizo la hewa ni dogo kuliko Dar es Salaam au Tanga, maji huku yanachemka kwenye nyuzi kama 96 na petroli nayo inageuka mvuke mapema zaidi. Ila kama alimaanisha kwamba hewa yetu nyepesi inafanya injini ikose petroli, hapo amegeuza mambo. Hewa ikipungua na jeti (vitundu vya kabureta vinavyopimia petroli) zikabaki zilezile, mchanganyiko unakuwa na petroli nyingi kuliko inavyotakiwa, na gari linapungua nguvu kama sehemu moja ya kumi tu. Halizimi kwa sababu hiyo. Isitoshe, asubuhi liko kwenye mwinuko uleule na linakwenda.

Kupima mvuke ni rahisi. Likizima, na ukakuta kabureta haina mchirizi, lowesha kitambaa kwa maji, kizungushe kwenye pampu na kwenye bomba linaloelekea kwenye kabureta, subiri dakika mbili tatu, kisha usage. Likiwaka mapema namna hiyo badala ya nusu saa, mvuke ndio mshtakiwa. Usimwage maji kwenye bloku wala kwenye manifoldi, kwa sababu chuma cha kusubu kilichopata moto kinaweza kupasuka. Tiba yake ni kulisogeza bomba mbali na manifoldi, kuweka kibati cha kukinga joto chini ya kabureta, kuhakikisha gasketi nene ya kuzuia joto chini ya kabureta haijaondolewa na mtu aliyeona haina kazi, na kuirudisha taiming ya cheche mahali pake, maana cheche iliyochelewa inapasha moto manifoldi kupita kiasi. Utakutana na madereva wazee watakaokuambia ubane bomba la petroli kwa vibanio vya nguo vya mbao. Sijapata kuona kibanio kilichoponya gari, ila kimewapa watu wengi kitu cha kufanya wakati injini inapoa.

Tofautisha hili na gari linalogoma kuwaka baada ya wewe mwenyewe kulizima sokoni kwa dakika kumi. Hapo petroli huchemka kwenye bakuli la kabureta na kumwagika ndani ya manifoldi, injini inazama, na dawa yake ni kukanyaga mafuta hadi chini bila kupampu, bila choki, na kusaga hadi ishike. Ukipampu unaongeza tatizo.

Kama kitambaa hakikubadilisha kitu, fungua kifuniko cha tanki na usikilize. Mfyonzo wa hewa ukiwa mkubwa, na gari likawaka mara moja, kitundu cha hewa kimeziba na kazi imekwisha. Lightweight kwa kawaida ina matangi mawili, moja chini ya kila kiti cha mbele, pamoja na koki ya kubadilishia, na hapa jeshi limekupa kipimo cha bure: likianza kukohoa, geuza koki. Likijirudi ndani ya nusu dakika huku injini ikiwa na moto uleule, joto halina hatia na tanki la kwanza lina uchafu. Tazama pia kikombe cha kioo kilicho chini ya pampu, kama pampu yako ni ya aina hiyo. Maji hukaa chini na petroli juu, na mpaka kati yao unaonekana wazi kama mstari; vumbi jekundu la kutu linatuama kwenye kona. Kama huwa unajaza petroli ya madumu, mathalani ukivuka Kisorya kwenda Ukerewe, usishangae ukikuta vyote viwili. Matangi ya magari yaliyokaa miaka ghalani hula kutu sehemu ya juu, pale ambapo petroli haifiki, na kutu hiyo hudondoka gari linapoanza tena kutikiswa na barabara. Kuyapuliza mabomba kwa kompresa kunakupa wiki mbili za amani. Matangi yashushwe, yaoshwe ndani, na kichujio cha bomba la kunyonya kikaguliwe kwa mkono.

Ukiwa hapo, chomoa dipstiki na uinuse. Oili ikinuka petroli na kimo chake kikiwa kimepanda, dayaframu ya pampu imechanika, na gari lisiwashwe tena mpaka pampu itengenezwe na oili ibadilishwe. Na kwa kuwa kabureta imefunguliwa mara mbili, weka rula iliyonyooka juu ya uso wa kifuniko chake. Zenith hiyo ina kasoro inayojulikana: kifuniko kikikazwa kupita kiasi kinapinda, kipete cha mpira kilicho ndani kinaacha kuziba, na injini inaanza kuunguruma ovyo usipokanyaga mafuta. Hilo peke yake halizimi gari barabarani, lakini linamfanya kila fundi aifungue kabureta tena.

Limebaki jambo moja ambalo mafundi wako hawakulitaja. Kama cheche ipo, petroli ipo, na bado haiwaki mpaka ipoe, pima kompresheni injini ikiwa na moto, kisha upime ikiwa baridi. Nafasi ya tapeti (ule mwanya mdogo unaoiruhusu valvu ifunge kabisa) kwenye injini hiyo ni milimita 0.25 kwa valvu zote, na ikiwa imekwisha, valvu ikirefuka kwa joto haifungi. Nafasi hiyo huliwa polepole na viti vya valvu vinavyozama, jambo lililowapata wengi baada ya petroli yenye risasi kuondolewa katika nchi zetu kufikia mwaka 2006. Kurekebisha tapeti ni kazi ya saa moja kwa kutumia hendeli ya mbele kuizungusha injini; kidole gumba kiwe upande mmoja na vidole vingine, ili hendeli ikipiga nyuma isikuvunje.

Nenda basi njia ileile ya Magu, saa ileile ya jua, na usibadilishe kitu chochote kabla ya kuondoka. Niandikie ilizima namna gani, mchirizi wa kabureta ulikuwepo au haukuwepo, taa iliwaka wapi na wapi haikuwaka, koki ilileta tofauti gani, na omu za koili baridi na moto. Kama ikifika Magu na kurudi bila kuzima, nijulishe pia ulikuwa unatumia tanki la upande gani.